Asilimia 71 ya Lubumbashi mbele ya mlango wa MIT: namna ya kupima nafasi yako, na kujua kama utaweza kuishi huko

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakishatoka na unga mweupe ukishapanguswa kichwani, wadogo zetu wa mitaa ya Lubumbashi, Katuba, Kenya au Bel-Air, huja na swali lile lile: «Yaya, niko na 71. Amerika watanipokea?»

Anayejibu «ndiyo» anabahatisha. Anayejibu «hapana» naye anabahatisha. Wote wawili hawajauliza mambo mawili yanayoamua: nani atalipa masomo hayo, na ile 71 itasomwa vipi na mtu ambaye maishani mwake hajaona buletini, yaani ripoti ya alama, ya Kongo. Swali la tatu, kama utapaweza kuishi hapo miaka minne, huwa halimjii mtu kichwani mpaka awe tayari yuko huko, amekaa peke yake chumbani siku ya Krismasi.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya finalisti, yaani anayemaliza sekondari, na wazazi wake. Nimechukua vyuo vikuu vya Marekani vinavyochuja sana kwa sababu vinaanika hesabu zao hadharani, kwa hiyo mtu anaweza kupima badala ya kuota. Anayetazama Ashesi kule Berekuso, Ghana, au chuo cha Afrika Kusini, aulize maswali haya haya. Majibu tu ndiyo yatakayokuwa tofauti.

Hatua ya 1: anza na karatasi ambayo chuo chenyewe kinaijaza

Kila mwaka vyuo vingi vya Marekani hujaza fomu moja inayoitwa Common Data Set na kuiweka kwenye tovuti zao. Andika jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu kwenye Google, kisha shusha PDF ya mwaka wa karibuni. Ni faili ndogo, haili mega nyingi. Haikuandikwa kumvutia mtu yeyote, ndiyo maana naiamini kuliko kurasa zenye picha za wanafunzi wanaocheka chini ya miti.

Nenda sehemu ya C1. Hapo wameandika wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa, wangapi waliingia. Katika fomu za miaka ya karibuni, waombaji kutoka nje ya Marekani wamehesabiwa kwenye mstari wao, na mstari huo ndio wako. MIT, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia karibu na Boston, hukubali kama watu 4 au 5 katika kila 100 wanaoomba. Kwa wanaotoka nje ya nchi ni kama 2 katika kila 100. Kwa hiyo ile asilimia inayotajwa kwenye magazeti ni ya watu wote pamoja, wengi wao Wamarekani.

Sehemu ya C7 ni jedwali la mambo wanayoyatazama: alama za shule, mitihani, insha, barua za walimu, tabia, hata nia ya mwombaji. Kila moja limewekewa kiwango: muhimu sana, muhimu, linatazamwa, halitazamwi. MIT kwa miaka mingi imeweka tabia na utu wa mwombaji juu kuliko hata mitihani. Chuo kinachosema kinatazama nia ya mwombaji, basi jiandikishe kwenye vikao vyao vya intaneti, waandikie swali la maana, jina lako lionekane. Kisichotazama nia, usikipotezee mega.

Sehemu ya C9 ina alama za SAT, mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea vyuo vya Marekani. Watakupa namba mbili: robo ya walioingia wako chini ya ile ndogo, na robo wako juu ya ile kubwa. Ukiwa chini ya namba ndogo, lazima uwe na jambo jingine zito sana mkononi.

Hatua ya 2: hesabu ya pesa, na ifanywe mapema

Mwaka mmoja katika vyuo hivi, pamoja na chumba, chakula na bima, unapita dola 80,000. Hapa Lubumbashi hata watoto wa wakubwa wa kampuni za madini wachache wangelipa hivyo. Kwa hiyo kwako wewe «kukubaliwa» maana yake ni moja tu: kukubaliwa pamoja na bursa inayofunika karibu gharama yote. Barua ya pongezi isiyo na bursa haikusaidii kitu.

Vyuo vimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni dogo: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na vingine vichache. Hivi, hata kwa mtu wa nje, hawatazami uwezo wako wa kulipa wanapoamua, na wakishakukubali wanakamilisha pengo lote kati ya gharama na uwezo wa nyumbani kwenu. Kundi la pili ni vyuo vingine karibu vyote: kwa mtu wa nje, wanatazama kama unahitaji msaada, na hitaji lako linaweza kukunyima nafasi hata kama alama zako zinatosha. Kwa hiyo vile vigumu kabisa ndivyo ambako umaskini wa nyumbani kwenu hauhesabiwi dhidi yako, na kuna vyuo vyepesi zaidi kwa Mmarekani ambavyo kwako wewe mlango wao ni mwembamba vilevile.

Utajuaje? Rudi kwenye ile karatasi, sehemu ya H6. Hapo chuo kinaandika ni wanafunzi wangapi kutoka nje wanaopata msaada, na kwa wastani kila mmoja anapata kiasi gani.

Tuchukue chuo cha kubuni ili uone hesabu inavyokwenda. Wanaoomba ni 20,000, wanaokubaliwa 2,000: asilimia 10, inavutia. Waombaji wa nje ni 6,000, wanaokubaliwa 300: asilimia 5. H6 inasema wa nje wenye msaada ni 120. Lakini hao 120 ni wa miaka yote minne, kwa hiyo mwaka mmoja wanaingia kama 30. Si wote wanaokubaliwa huingia, basi tuseme waliokubaliwa na msaada walikuwa 45. Kama katika wale 6,000 walioomba msaada ni 5,000, nafasi yako imeteremka chini ya mtu 1 katika 100. Tumeanza na 10, tumefika chini ya 1, na karatasi ni ile ile.

Kisha tazama wastani wa fedha. Kama gharama ni 85,000 na wastani wa msaada ni 20,000, chuo hicho kinatafuta watu wa kulipa 65,000 zilizobaki. Kifute kwenye orodha bila kusikitika. Kama wastani ni 75,000, hapo pana mazungumzo.

Kuna chuo kimoja ambacho watu wa huku hawakitaji vya kutosha: Berea, katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855. Hakitozi ada ya masomo, kila mwanafunzi anafanya kazi ya chuo saa 10 au zaidi kwa wiki, na wanafunzi wa nje wanaokubaliwa hugharimiwa kikamilifu mwaka wa kwanza. Wanachukua wachache sana kila mwaka. Hata hivyo, mtoto wa mama anayeuza sokoni hawi mgeni pale, kwa sababu chuo kiliundwa kwa ajili ya watu wasio na pesa.

Kuhusu fomu za mapato: vyuo vingi vinatumia CSS Profile. Baba mwenye kazi ataleta karatasi za mshahara. Mama asiye na karatasi yoyote, kaeni naye jioni moja na daftari, mwandike anaingiza nini kwa mwezi, anatoa nini kwa kodi ya nyumba, kwa watoto wengine, kwa SNEL (umeme), kwa maji. Mtaje kiwango cha franka kwa dola mlichotumia. Wanachotafuta ni hesabu inayoshikana. Na usije ukaandika kwamba huhitaji msaada ukidhani utaomba baadaye ukishaingia: vyuo vingi vina sheria kwamba asiyeomba mwanzoni haombi tena.

Ada ya kuomba, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 75 na 90 kwa chuo, inaweza kusamehewa. Kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, kuna sehemu ya kuomba msamaha huo, na chuo kisichoukubali huko kiandikie barua pepe fupi. Anayekuomba dola 500 mjini akisema ana mtu wake ndani ya Harvard, mwache na mtu wake.

Hatua ya 3: ile 71 isomwe inavyostahili

Hapa ndipo finalisti wengi wa Kongo wanapojeruhiwa bila kujua. Mmarekani amezoea kuona 95 na 98. Kwake 71 ni ya mwanafunzi anayeburuta miguu. Kwetu, mwenye 71 katika math-physique (mchepuo wa hesabu na fizikia) anajulikana shule nzima, na hata kwenye vyuo vyetu distinction huanzia hapo kwenye 70. Hakuna atakayemweleza hivyo isipokuwa shule yako.

Kwa hiyo nenda kwa prefe, mkuu wa shule, mapema, ukiwa na heshima zote na bila haraka, mwezi wa tisa na si wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Common App inadai shule ijaze ripoti na iambatanishe ukurasa mmoja unaoieleza shule. Shule nyingi za kwetu hazijawahi kuuandika. Mwombe prefe ruhusa umtayarishie rasimu, yeye asahihishe na kutia sahihi na muhuri. Ukurasa huo useme:

- kwamba kufaulu ni kuanzia 50, na ni wanafunzi wangapi wa shule waliopita 70 katika miaka mitatu iliyopita;
- kwamba Exetat ni mtihani mmoja wa nchi nzima, upo tangu 1967, na shule haina mkono katika kuusahihisha;
- option yako (mchepuo) ina masomo gani, kwa saa ngapi kwa wiki;
- wanafunzi wangapi wako darasani, kama kuna maabara au hakuna, lugha ya kufundishia ni Kifaransa.

Halafu kuna kitu ambacho buletini yetu inacho na za wenzetu wengi hazina: nafasi. «2 kati ya 48» inaeleweka Boston kama inavyoeleweka Kamalondo. Kama nafasi zako ni nzuri, prefe aziandike kwa miaka yote mitatu, mstari wa kwanza kabisa wa ripoti. Hiyo inaokoa asilimia 71 kuliko insha yoyote.

Buletini zitafsiriwe kwa Kiingereza, na nakala ya Kifaransa ifuatane nazo. Diploma yenyewe huchelewa, mnajua wenyewe. Attestation ya kufaulu ndiyo itakayotumika, basi ichukue mapema na uifanyie nakala nyingi.

Barua za walimu wawili ni kazi nyingine. Mwalimu wa kwetu akiombwa barua huandika mistari mitatu kwamba mwanafunzi ni mtulivu na mwenye nidhamu, kama cheti cha bonne conduite, vie et mœurs. Huko haisaidii kitu. Mkumbushe mwalimu wako tukio: siku uliyopinga jibu la ubaoni ukalithibitisha, wenzako uliowafundisha dérivées kabla ya mtihani wa muhula. Aandike hilo, kwa Kifaransa kama ni lazima, mtu mwingine atafsiri.

Hatua ya 4: mitihani

MIT, Harvard na Dartmouth zimerudisha sharti la mitihani ya aina ya SAT. Bowdoin haiilazimishi tangu 1969. Soma sheria ya kila chuo mwaka ule unaoomba, maana wanabadilisha. SAT ni alama 1600, hufanywa kwenye kompyuta, na vituo vyake utaviona kwenye tovuti ya College Board. Weka bajeti ya safari mapema kabla ya kulipa. Kwa aliyetoka math-physique, hesabu za SAT si ngumu. Kinachoua ni Kiingereza. Nusu ya katikati ya waliokubaliwa MIT wako juu ya 1500, na kwa upande wa hesabu wako karibu kabisa na 800.

Kwa Kiingereza, wengi wa huku wanachagua Duolingo English Test kwa sababu hufanyika nyumbani kwa muda wa saa moja hivi na bei yake ni nafuu kuliko ya TOEFL. Alama ni kati ya 10 na 160, na vyuo vinavyochuja sana huanza kukutazama ukiwa na kama 120. Umeme ukikatika katikati umepoteza mtihani: tafuta mahali penye batri au jenereta, chumba chenye mlango unaofungwa, na uwaambie wadogo zako wasiingie.

Hatua ya 5: yale unayofanya baada ya shule

Common App ina nafasi kumi za kazi na shughuli. Finalisti wa kwetu huandika «kusoma, kusali, mpira» na kuacha nyingine tupu, huku kila jumamosi anauza mkaa na mama yake, anaongoza kundi la vijana wa Kiro parokiani, anatengeneza simu za jirani, na kila asubuhi anachota maji kabla ya saa kumi na mbili. Hayo yote yanaandikwa. Kulea wadogo watatu wakati wazazi wako shambani ni jukumu, na wasomaji wa maombi wamefundishwa kulitambua. Andika kwa namba: saa ngapi kwa wiki, watu wangapi, tangu lini.

Usiunde shirika la kutetea mazingira mwezi wa kumi ili uwe rais wake. Wameona marais wengi.

Hatua ya 6: utaweza kuishi hapo?

Sasa tuseme mlango umefunguka. Watu wa huku wanadhani anayekubaliwa Harvard hawezi kuwa na shida ya kupapenda, yaani anyamaze ashukuru. Sikubaliani nao. Nusu ya masomo ni kulala, kula na kuwa na mtu wa kumwambia kitu, na mwenye akili nyingi akikosa hayo alama zake huanguka kama za mtu yeyote.

Karatasi ile ile inasaidia tena. Sehemu ya B ina idadi ya wanafunzi wa nje na asilimia ya waliorudi mwaka wa pili. Kama watu wengi hawarudi, kuna sababu. Sehemu ya F inasema wangapi wanalala ndani ya chuo na wangapi wako kwenye vyama vile vya kindugu vya wavulana na wasichana. Dartmouth, kwa mfano, iko Hanover, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Marekani, jimbo la New Hampshire, wenye baridi kali, na zaidi ya nusu ya wanaoruhusiwa kujiunga na vyama hivyo hujiunga. Mwaka wao umekatwa vipindi vya wiki kumi, kwa hiyo mtihani uko karibu muda wote. Kwa kijana aliyekulia internat, yaani shule ya bweni, anayependa kundi na kelele, panaweza kumfaa sana. Kwa msichana wa Kampemba aliyezoea jiji, na ambaye hanywi pombe, aulize mara mbili. Ukiwa unajua habari za ubatizo wa «bleus» kwenye vyuo vyetu, yaani wanafunzi wapya kusumbuliwa na wa zamani, uliza chuo wana sheria gani kuhusu mambo kama hayo na zimetumika mara ngapi.

Baada ya karatasi, soma gazeti la wanafunzi. The Tech la MIT lipo tangu 1881, The Harvard Crimson tangu 1873, na karibu kila chuo kina lake, bure kwenye intaneti. Usisome habari za ushindi. Tafuta malalamiko: chakula wakati wa likizo, mabweni yanayofungwa, ofisi ya wanafunzi wa nje, foleni ya kumwona daktari wa akili. Chuo ambacho malalamiko yake unaweza kuyabeba ndicho chuo chako. Ukisoma na kusema moyoni «kama ni hilo tu, nitavumilia», endelea.

Kisha tafuta mtu. Vyuo vingi vina chama cha wanafunzi wa Afrika chenye ukurasa wa Instagram. Mwandikie mmoja wao ujumbe mfupi: wewe ni nani, unaomba mwaka gani, una maswali matatu tu. Usiulize «chuo ni kizuri?», atakujibu ndiyo. Uliza haya: Krismasi ulikuwa wapi, na nani alilipia? Jumapili unasali wapi na unafika kwa usafiri gani? Mara ya mwisho ulipougua, nani alikuletea chakula? Akisita kwenye la tatu, umepata jibu. Na usimwombe akuombee nafasi au pesa. Wanachoshwa na hilo, na wanaacha kujibu hata wenye maswali ya maana.

Jambo la pesa halikomi kwenye bursa. Utakaa chumba kimoja na mtu ambaye wikendi anakwenda kula mahali ambapo sahani moja ni mfuko mzima wa unga wa bukari nyumbani kwenu. Hakudharau; hajui tu. Uliza ofisi ya misaada kama wanatoa fedha za koti la baridi, za vitabu, za tiketi ya kurudi nyumbani, na kama bursa inahesabu pesa unazotakiwa kuchuma mwenyewe wakati wa kiangazi. Tiketi ya Lubumbashi si ya Paris. Wengine hukaa miaka miwili bila kumwona mama, na ni heri familia ijue hivyo kabla.

Darasani nako kuna maisha mengine. Kwetu profesa anasoma, unaandika, msaidizi wake anauza syllabus, na mwenye kuuliza sana anaitwa mjuaji. Kule kunyamaza kunakupunguzia alama. Unatakiwa kubisha, kumwendea profesa ofisini kwake saa alizoweka, wakati mwingine kumwita kwa jina lake la kwanza. Kuna wanaoyapenda hayo kuanzia siku ya kwanza, kuna wanaoumia mwaka mzima.

Hili linaweza kupimwa ukiwa hapa hapa. MIT wameweka masomo yao bure kwenye OpenCourseWare. Chagua somo moja la mwaka wa kwanza, shusha mihadhara usiku wakati mega ni za bei nafuu, fuata wiki mbili kamili, fanya mazoezi yao bila msaada wa mtu. Halafu keti na rafiki umweleze kwa Kiingereza ulichokielewa, yeye akubishie. Jinsi utakavyojisikia mwisho wa wiki ya pili ni kipimo bora kuliko ushauri wa wajomba wote.

Hatua ya 7: orodha na kalenda

Andika vyuo nane hivi, si ishirini. Viwili au vitatu vya kundi lile la kwanza, vinne ambavyo H6 yao imekuridhisha, na kimoja au viwili ndani ya Afrika. Ashesi, kwa mfano, ina wanafunzi wanaofadhiliwa na Mastercard Foundation. Kwa mtu anayehitaji bursa kamili hakuna chuo cha Marekani cha kuita «cha uhakika». Uhakika wako uko Kasapa, kwenye UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. UNILU ilianza miaka ya 1950, ikamezwa na UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa la Zaire, mwaka 1971, ikasimama tena yenyewe 1981, na imetoa wahandisi wengi wa migodi hii tunayoiona. Kwenda huko hakumshushi mtu hadhi.

Lakini hapa pana mtego. Vyuo vingi vya Marekani vinamhesabu aliyemaliza mwaka mzima wa chuo kikuu kama mhamiaji kutoka chuo kingine, si mwanafunzi mpya, na bursa za wahamiaji wa nje ni chache mno. Ukiingia Polytech, kitivo cha uhandisi cha UNILU, huku unasubiri majibu, soma sheria ya kila chuo cha orodha yako kuhusu jambo hilo kabla mwaka haujaisha. Ukikosa mwaka huo na ukaamua kurudia kuomba, itabidi uchague: kubaki Polytech au kukaa mwaka nje ukijiandaa. Mzazi atakasirika, mweleze mapema.

Maombi ya mapema hufungwa karibu 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka mwisho wa Machi, na wewe unajibu kabla ya 1 Mei. Maombi ya mapema ya aina ya kufunga, yaani ukikubaliwa lazima uende, yanaweza kuongeza nafasi, lakini unapoteza uwezo wa kulinganisha bursa. Kwa mwenye chuo kimoja moyoni, chenye kukamilisha pengo lote, ningesema ajaribu. Kwa mwingine, asubiri Januari. EducationUSA ni mtandao wa ushauri wa serikali ya Marekani, watumie.

Hatua ya 8: barua ikifika

Usisome sentensi ya kwanza tu. Teremka kwenye jedwali la fedha: gharama yote, toa bursa, toa kazi ya chuo, kinachobaki ni cha familia kwa mwaka mmoja, kizidishe kwa nne. Kama kinabaki dola 6,000 na nyumbani hazipo, andika barua ya kuomba wakutazame tena, ukiambatanisha hesabu mpya. Hufanya hivyo, si kila mara.

Ukikubali, chuo kitakutumia fomu ya I-20, karatasi ya kuombea viza ya mwanafunzi, utalipa dola 350 za SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa nje, kisha mahojiano ya viza kwenye ubalozi wa Kinshasa: tiketi ya ndege, malazi, siku za kusubiri. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo fungua ukurasa wa ubalozi kabla ya kununua tiketi, na pasipoti uwe umeianza tangu mwezi ule uliotuma maombi.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, jibu kwamba unabaki, tuma alama zako mpya mara moja, kisha endelea na shughuli zako. Anayehitaji bursa kamili mara chache hutolewa huko, kwa kuwa pesa zilishagawanywa Machi.